Deni la Mjenzi: Mapaa ya Mimea Mbele ya Sheria na Maadili

Paa la mimea ni paa lililofunikwa kwa udongo na mimea hai juu ya tabaka lisilopitisha maji. Kutoka chini kwenda juu kuna zege au mbao za paa lenyewe, tabaka la kuzuia maji, tabaka la kuzuia mizizi, tabaka la kutolea maji ya ziada, kitambaa cha kuchuja, udongo, kisha mimea. Udongo huo haufanani na wa shambani. Ni mchanganyiko wa mawe mepesi ya volkano, matofali yaliyopondwa au mfinyanzi uliochomwa hadi ukavimba, pamoja na mboji kidogo, kwa kuwa udongo wa kawaida ukilowa huwa mzito na hushikamana hadi mizizi ikakosa hewa. Paa jepesi, lenye udongo wa sentimita 6 hadi 15 na mimea inayovumilia kiangazi, huongeza kilo 60 hadi 180 hivi kwa kila mita ya mraba likiwa limelowa. Bustani kamili ya juu, yenye vichaka na miti, huanzia kilo 300 na kupanda. Maji ndiyo yanayosumbua hesabu: milimita 1 ya mvua iliyobaki juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, na lita 1 ni kilo 1.

Uzito wa aina hii si mgeni kwa wajenzi wa mwambao wa Afrika Mashariki. Nyumba za mawe za Lamu na Unguja zilikuwa na dari nzito za matumbawe na chokaa zilizolazwa juu ya boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haiwezi kubeba mzigo huo kwa masafa marefu, vyumba vilibaki vyembamba, upana wa mita 2 na nusu hadi 3 hivi, hata katika nyumba ya tajiri.

Nchi iliyotangulia kuyaandikia mapaa ya mimea viwango ni Ujerumani. Chama cha utafiti wa mandhari na ujenzi wa bustani, kijulikanacho kwa kifupi cha FLL, kilitoa misingi ya kwanza mwaka 1982 na mwongozo kamili mwaka 1990, ambao umerekebishwa mara kadhaa tangu hapo. Mwongozo huo unaeleza namna ya kupima kama mizizi itapenya tabaka la kuzuia maji, jaribio linalochukua miaka 2. Unaeleza udongo ushike maji kiasi gani na uyaachie kwa kasi gani, na unataka ukanda wa kokoto uachwe kando ya kuta na kuzunguka matundu ya paa ili moto usipate njia. Ni lugha ya mafundi tupu. Haimwamrishi mtu yeyote apande hata jani moja.

Amri ilitoka kwenye miji. Tokyo iliagiza mwaka 2001 kwamba majengo mapya makubwa yapande mimea juu ya angalau asilimia 20 ya paa linalotumika. Basel, nchini Uswisi, iliingiza katika sheria yake ya ujenzi mwaka 2002 sharti kwamba kila paa bapa jipya liwe na mimea. Toronto, Kanada, ilipitisha sheria ndogo yake Mei 2009, na ikawa mji wa kwanza Amerika ya Kaskazini kuyafanya mapaa haya kuwa lazima kwa majengo ya ukubwa fulani. Hapo suala la uhandisi likageuka kuwa suala la haki. Mji unapata wapi mamlaka ya kumlazimisha mtu aweke udongo juu ya jengo lake, kwa fedha zake, kwa ajili ya watu asiowajua, na hata kwa ajili ya mbawakawa?

Wanaotetea sheria hizi hutoa hoja tatu, na kwa kawaida huzichanganya katika hotuba moja kana kwamba ni hoja moja. Ya kwanza inahusu madhara: paa tupu linamuumiza jirani. Ya pili inahusu deni: aliyefunika ardhi airudishe. Ya tatu inahusu amana: ardhi na viumbe vyake haviko chini ya binadamu ili avitumie apendavyo. Hoja hizi hazina nguvu sawa, wala haziagizi kitu kimoja. Kila kifungu cha sheria, kikisomwa kwa makini, hufichua ni ipi kati yake iliyokuwa akilini mwa mtunzi.

Kabla ya hoja zote kuna pingamizi la mwenye mali. Wanasheria wa Ulaya ya zama za kati, kuanzia maelezo yanayonasibishwa na Accursius wa Bologna katika karne ya 13, walishikilia kwamba mwenye ardhi anamiliki pia kila kilicho juu yake hadi mbinguni. Kanuni hiyo ilidumu hadi ndege zilipoanza kuruka. Mwaka 1946, katika kesi ya mfugaji wa kuku wa North Carolina ambaye kuku wake walikuwa wakijigonga ukutani na kufa kwa hofu ya ndege za kijeshi, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kanuni ya umiliki wa hadi mbinguni haina nafasi katika dunia ya leo. Hata hivyo ilimpa mfugaji haki yake, kwa sababu ndege zilipita chini mno hadi shamba likawa halifai. Funzo la kesi hiyo ni la kadiri: umiliki wa kilicho juu unafika pale ambapo matumizi ya mwenyewe yanafika, na hapo unakutana na haki za wengine. Tanzania ilianza mahali pengine kabisa. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inatamka kwamba ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake, kwa hiyo mwenye hati anashika haki ya kutumia ardhi pamoja na masharti ya uendelezaji. Chini ya mfumo huo sharti la kupanda mimea juu ya paa haliwi uvamizi. Linakuwa sharti moja zaidi kwenye hati, na ubishi unahamia kwenye busara yake.

Sheria ya kidini kuhusu paa ni ya kale kuliko wanasheria wa Bologna. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22 aya ya 8, linamwagiza anayejenga nyumba mpya aizungushie dari yake ukuta mdogo, asije akajiletea hatia ya damu mtu akianguka kutoka juu. Mapaa ya Palestina ya kale yalikuwa bapa, watu walilala na kuanika nafaka juu yake, na hatari ilikuwa ya kila siku. Katika karne ya 12 mwanazuoni wa Kiyahudi Maimonides alipanga agizo hilo kama kanuni ya ujenzi iliyokamilika. Ukuta usipungue upana wa viganja kumi kwa kimo, na uwe imara kiasi cha kumzuia mtu aliyeuegemea. Nyumba isiyofika dhiraa nne kwa nne imesamehewa. Ghala na zizi vimesamehewa, na sinagogi pia, kwa kuwa hakuna anayeishi humo. Kisha akapanua maana: kila kitu chenye kuhatarisha uhai, kama kisima kilicho wazi, kina hukumu ileile.

Mambo mawili ya kanuni hiyo yanastahili kutazamwa kwa karibu. Ina kizingiti cha ukubwa, kama sheria zote za ujenzi zilizofuata, maana wajibu usio na mpaka hauwezi kukaguliwa. Na inamfunga mjenzi kwa ajili ya mtu ambaye hajafika bado, mgeni wa mwakani asiyejulikana jina. Agizo halisubiri mtu aanguke ndipo mahakama ihesabu fidia. Linataka ukuta uwepo kabla ya mgeni kupanda ngazi, na hapo ndipo viwango vya ujenzi vinapotofautiana na sheria ya fidia.

Uislamu una kanuni pana zaidi ya madhara, inayotokana na hadithi iliyopokewa na Ibn Maja na wengine, kwamba haifai kudhuru wala kulipiza madhara kwa madhara. Mafakihi waliitumia kwa mambo ya mtaani kabisa: dirisha linalochungulia ua wa jirani, moshi wa tanuri la mwokaji, mfereji wa paa unaomwaga maji kwenye ukuta wa mwenzake. Majalla, mkusanyo wa sheria za madai wa dola ya Uthmaniya uliotolewa kati ya 1869 na 1876, uliiweka kanuni hiyo katika kifungu cha 19, na katika kifungu cha 26 ukaongeza kwamba madhara ya mtu mmoja huvumiliwa ili kuondoa madhara ya umma. Kwa msingi huo, mji unaotaka paa la mimea hauna haja ya falsafa mpya. Unachohitaji ni kuonyesha madhara.

Na madhara yapo, ila yana umbo gumu. Mvua ya milimita 25 juu ya paa tupu la mita za mraba 1,000 ni lita 25,000, na karibu zote hufika mferejini ndani ya dakika chache. Sehemu za zamani za Toronto zina bomba moja linalobeba maji ya mvua pamoja na maji taka, na mvua ikizidi mchanganyiko huo humwagika kwenye mito na Ziwa Ontario. Tarehe 19 Agosti 2005 mvua kali iliujaza mto mdogo wa Black Creek ukaikata barabara ya Finch kaskazini mwa mji. Miezi michache baadaye watafiti wa chuo kikuu kimoja cha hapo walitoa ripoti iliyokadiria kwamba mapaa ya mimea mji mzima yangeokoa dola milioni 313 mwanzoni na milioni 37 kila mwaka, sehemu kubwa ikitokana na mifereji, nishati na upoaji wa joto la mji. Lakini ni paa la nani lililoikata barabara ya Finch? Hakuna. Ukiondolewa mchango wa jengo lolote moja, mto ungejaa vilevile.

Mwanafalsafa wa Kiingereza Derek Parfit aliishughulikia aina hii ya tatizo katika kitabu chake cha 1984, Reasons and Persons. Aliwaza watesaji elfu moja, kila mmoja akibonyeza kitufe kinachoongeza maumivu kwa kiasi kisichohisika kwa kila mmoja wa wafungwa elfu moja. Hakuna mtesaji anayeweza kuonyeshwa mtu aliyemuumiza, na wafungwa wote wanateseka. Parfit alihitimisha kwamba tendo la mtu hupimwa pia kama sehemu ya kundi la matendo. Hitimisho hilo ni sahihi, ila linaacha swali moja wazi: nani katika kundi aanze, na kiasi gani kinatosha?

Fikihi ina chombo kilichotengenezwa kwa swali hilo hasa. Fardhi ya kifaya, kama sala ya jeneza, ni wajibu wa jamii nzima: wakiitimiza wa kutosha, wengine wamesameheka, na asipoitimiza yeyote, wote wana dhambi. Maji ya mvua yanafuata mantiki hiyohiyo. Mfereji hauhitaji kila paa liwe na udongo. Unahitaji mapaa ya kutosha yashike maji ya kutosha, na upungufu ukitokea, hakuna mwenye jengo anayeweza kusema wenzake ndio waliokosea. Kazi ya sheria ni kuteua watakaobeba fardhi hiyo. Toronto iliteua wakubwa. Jengo jipya lenye eneo la sakafu zote la mita za mraba 2,000 lilitakiwa kupanda asilimia 20 ya nafasi ya paa iliyopo, na kiwango kilipanda kwa ngazi hadi asilimia 60 kwa jengo la mita za mraba 20,000 na zaidi. Nafasi ya mitambo na ya paneli za jua haikuhesabiwa. Nyumba fupi za makazi zilisamehewa, na viwanda vikapewa kiwango chepesi. Aliyeshindwa kutimiza sehemu fulani aliweza kuomba kulipa dola 200 kwa kila mita ya mraba iliyopungua, na fedha hizo ziliingia katika mfuko wa kusaidia mapaa ya mimea kwenye majengo mengine.

Kifungu hicho cha malipo huwaudhi watu wengi wa mazingira, wanaokiona kama rushwa iliyohalalishwa. Kwa hoja ya madhara hakina kosa lolote. Ikiwa kinachotakiwa ni jumla ya maji yaliyoshikwa, basi paa la mtaa wa pili linalomimina kwenye bomba lilelile linafaa sawasawa na hili, mradi fedha zinatumika kweli na bei inalingana na gharama. Kinakuwa kosa pale tu ambapo wajibu ulikuwa kwa ardhi ya mahali hapo, na hiyo ndiyo hoja ya deni.

Hoja ya deni ina mvuto wa asili, ndiyo maana wasanifu wengi wameipenda. Le Corbusier aliiweka bustani ya paa miongoni mwa nguzo zake tano za usanifu mpya katika miaka ya 1920, akidai kwamba inaurudishia mji ardhi iliyomezwa na jengo. Msanii wa Vienna Friedensreich Hundertwasser aliichukua hadi ukingoni. Kwake, kila sehemu iliyolala bapa chini ya anga ni haki ya mimea, na mjenzi hurudisha juu alichokichukua chini. Nyumba ya makazi ya halmashauri iliyojengwa kwa mawazo yake Vienna na kukamilika mwaka 1985 ina miti kwenye mapaa na hata kwenye madirisha. Sheria ya Ujerumani ya uhifadhi wa asili ya mwaka 1976 iliipa fikra hiyo nguvu ya dola: anayeharibu mandhari aepuke uharibifu unaoepukika, na usioepukika aufidie. Katika mipango ya ujenzi ya Ujerumani paa la mimea limekuwa likihesabiwa kama sehemu ya fidia hiyo.

Berlin ndiyo iliyolifanya deni kuwa namba. Tangu miaka ya 1990 baadhi ya mitaa ya katikati ya mji inatumia kipimo kinachogawanya eneo lenye faida kwa viumbe kwa eneo lote la kiwanja. Katika toleo lake la awali lami na zege vilipewa 0, sakafu inayopitisha maji kiasi kati ya 0.3 na 0.5, mimea iliyopandwa kwenye ardhi halisi 1, na paa la mimea 0.7. Nyumba mpya za makazi zilitakiwa kufikia 0.6, majengo ya biashara 0.3. Chukua kiwanja cha mita za mraba 1,000 ambacho nusu yake ni jengo la makazi lenye paa la mimea. Paa linatoa 500 mara 0.7, yaani 350. Ua una bustani ya mita 200, inayotoa 200, na maegesho ya zege ya mita 300 yasiyotoa kitu. Jumla ni 550, uwiano ni 0.55, na mpango haujafika. Msanifu akibadilisha mita 100 za maegesho kuwa mawe yenye nyasi katikati, yenye thamani ya 0.5, anaongeza 50 na kufika 0.6 barabara. Hesabu hiyo huchukua dakika tano na humwachia mjenzi uhuru wa kuchagua njia. Kwa mpangaji wa mji aliyechoka kubishana, ni neema.

Lakini 0.7 ya nini? Mvua ikipimwa, namba hiyo inaweza kutetewa, kwa kuwa paa la sentimita 10 katika hali ya hewa ya Ujerumani hushika karibu nusu ya mvua ya mwaka. Uvukizaji nao unapimika. Ardhi, hata hivyo, ina mengine: nyungunyungu wanaoshuka kina cha mita mbili, mizizi ya mwaloni, maji yanayozama hadi kisimani, panya wa shamba anayevuka kutoka kiwanja kimoja hadi kingine. Paa halirudishi hata kimoja kati ya hivyo. Kusema kwamba saba ya kumi ya deni imelipwa ni kuchukulia kwamba vilivyopotea na vilivyopatikana ni sarafu moja.

Wanafalsafa wawili waliishambulia fikra ya fidia kabla namba za Berlin hazijaanza kutumika kwa wingi. Robert Elliot, katika makala ya 1982, alilinganisha asili iliyorejeshwa na mchoro bandia wa msanii maarufu: hata ukifanana kwa kila mstari, haukuzaliwa kwa njia ileile, na thamani ya asili imo katika kuzaliwa kwake. Eric Katz alienda mbali zaidi mwaka 1992 akauita urejeshaji uongo mkubwa, kwa sababu kilichotengenezwa kwa makusudi ya binadamu ni chombo cha binadamu, hata kikiwa na majani. Kwa mtazamo wa hawa, paa la mimea ni zulia hai, na anayelitumia kudai ruhusa ya kufukia mbuga anadanganya mara mbili.

Upinzani huo ni mkali, na dhidi ya mapaa mengi yaliyojengwa chini ya sheria za kiwango cha chini una haki. Sheria inayopima asilimia ya ufuniko tu hupata ufuniko tu: zulia la sedamu, mmea mnene wa majani ya maji unaouzwa kwa mistari kama mkeka, aina nne au tano zilezile kutoka mji mmoja hadi mwingine. Lakini kuna paa moja Zurich linaloivuruga hoja ya Katz. Kiwanda cha kusafisha maji ya ziwa katika mtaa wa Wollishofen kilijengwa mwaka 1914, na wahandisi waliyafunika mapaa yake ya zege kwa mchanga na udongo wa mashamba ya jirani ili maji ndani yabaki baridi. Hawakuwa na nia nyingine. Udongo ulikuja na mbegu zake. Karne ikapita, mashamba ya kando yakalimwa kwa mbolea za viwandani au yakajengwa, na aina nyingi za mimea zikatoweka ardhini. Juu ya paa zikabaki: zaidi ya aina 170, zikiwemo aina 9 za okidi, baadhi kwa maelfu ya mashina. Paa lililokusudiwa kuwa chombo limekuwa kimbilio, na ardhi halisi iliyolizunguka ndiyo iliyogeuzwa kuwa kiwanda. Kuzaliwa kwa kitu kulikotukuzwa na Elliot kunaweza kuhamishwa kwa toroli, mradi udongo uliohamishwa ni wa mahali hapo.

Basel ililisoma paa hilo vizuri kuliko wanafalsafa. Mwanaikolojia Stephan Brenneisen alichunguza mbawakawa na buibui juu ya mapaa ya mji huo na kuonyesha kwamba aina adimu hufuata udongo na umbo lake kuliko wingi wa kijani. Matokeo yakaingia kwenye masharti: udongo wa asili kutoka eneo lenyewe, kina cha angalau sentimita 10, na kwenye mapaa makubwa vilima vya sentimita 30 ili pawe na pakavu na penye unyevu, pa wazi na penye kivuli. Mashina ya okidi hayahesabiwi kwenye kibali. Sheria inadai masharti ya uhai na kuuachia uhai wenyewe kazi iliyobaki. Kifungu kama hicho hakiwezi kuelezwa kwa hoja ya madhara, maana hakuna jirani anayeumia buibui akikosa kilima. Wala si deni, kwa kuwa hakuna anayedai kwamba kiwanja kimerudishwa.

Msingi wake ni amana. Kurani, katika Surat al-An'am aya ya 38, inawataja wanyama na ndege kuwa ni umma kama binadamu walivyo umma. Aldo Leopold, mhifadhi wa Marekani ambaye kitabu chake A Sand County Almanac kilitoka mwaka 1949, alifika karibu na hapo kwa njia ya ikolojia alipopendekeza mipaka ya jamii ipanuliwe ijumuishe udongo, maji, mimea na wanyama. Mwanajamii hahitaji kuthibitisha kwamba ameibiwa ndipo atengewe nafasi. Tatizo la hoja hii ni nia. Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim inasema mmea anaoupanda Mwislamu, akala humo mtu, mnyama au ndege, ni sadaka kwa aliyeupanda. Je, anayepanda kwa kuogopa kunyimwa kibali ana sadaka yoyote? Kwa mwanatheolojia hilo ni swali zito. Kwa mpangaji wa mji halina uzito, kwa kuwa ndege anayeshuka juu ya paa haulizi nia ya mkandarasi, na sheria ya dunia haijapewa kazi ya kugawa thawabu. Inachoweza ni kuzuia amana isiachwe kwa wenye imani peke yao.

Amana inadai matunzo, na hapa ndipo sera nyingi zinapolegea. Kibali hutolewa siku moja, ukaguzi hufanywa jengo linapokamilika, kisha paa linasahauliwa. Zaburi ya 129 inayataja majani ya juu ya paa kama mfano wa kitu kinachonyauka kabla hakijakua, na aliyeziona sedamu zisizomwagiliwa katika kiangazi chao cha kwanza anajua mfano huo ulitoka wapi. Sheria ya wakfu ina hekima ya kuazimwa: mapato ya wakfu hutengeneza kwanza mali yenyewe, ndipo wanufaika wapate chao. Toronto ilidai mpango wa matunzo tangu hatua ya kibali, na mwongozo wa FLL unatenga matunzo ya kuanzisha, ya kukuza na ya kudumu, kila moja na kazi zake: kung'oa miche ya miti, kuzibua matundu ya maji, kuangalia ukanda wa kokoto.

Matundu yaliyoziba huongeza uzito, na uzito huua. Mei 2016 paa la ukumbi wa michezo wa Chuo Kikuu cha City, Hong Kong, liliporomoka muda mfupi baada ya kuwekewa mimea, na watu 3 wakajeruhiwa. Uchunguzi ulitaja sakafu ya saruji nzito kuliko ilivyopangwa, eneo la mimea lililopanuliwa, na maji yaliyotuama. Mjini Riga, Novemba 2013, paa la duka kubwa liliwaangukia wanunuzi na waokoaji, wakafa watu 54, wakati bustani ilikuwa ikijengwa juu yake. Kosa la msingi lilikuwa katika usanifu wa viungio vya kenchi za chuma, wala si katika mimea, ila udongo ulikuwa sehemu ya mzigo ambao kenchi hizo zilishindwa kuubeba. Hoja yoyote ya amana kwa viumbe inasimama nyuma ya ukuta wa Kumbukumbu la Torati: kwanza asife mtu.

Linabaki suala la mgawanyo. Karibu sheria zote hizi zinafunga majengo mapya na kuyaacha ya zamani, ambayo ndiyo mengi na ndiyo yaliyoijaza mifereji. Kwa hoja ya deni huo ni upendeleo usio na utetezi. Kwa mantiki ya kifaya unaweza kuvumiliwa, kwa sharti kwamba waliosamehewa wachangie kwa njia nyingine, maana lawama ni ya wote. Hamburg ilijaribu njia ya ruzuku mwaka 2014, ikatenga euro milioni 3 na kulenga hekta 100 za mapaa. Majengo ya zamani yenye kokoto juu ya paa yanafaa kuliko mengine: tabaka la kokoto la sentimita 5 lina uzito wa karibu kilo 90 kwa mita ya mraba, na likiondolewa, paa jepesi la mimea linaweza kukaa mahali pake bila nguzo mpya, baada ya mhandisi kuthibitisha. Penye bati jembamba hesabu hiyo haipo. Miji mingi ya Ujerumani huwafikia hata wenye mapaa kama hayo kupitia bili ya maji, ambayo hutenganisha maji taka na maji ya mvua na kutoza ya mvua kwa mita za mraba zilizofunikwa. Mwenye paa la mimea hupunguziwa, na mwenye paa lisiloweza kubeba udongo hulipa sehemu yake ya bomba kila mwaka.